Fundi wa Springi na Magari Mawili ya Sura Moja

Fundi wa springi hakuwahi kufungua boneti mbele yangu. Watu walimletea magari pale La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, wakitaka awasifie injini, na yeye alitandika kipande chake cha zulia, akalala chali, akajisukuma chini ya gari kwa nyuma. Kule chini alikuwa na nyundo ndogo. Aligonga chuma kimoja cha springi, akasikiliza, akagonga cha pili. Mwenye gari alibaki amesimama na funguo zake, akitazama viatu viwili vilivyotokeza nje. Fundi akitoka hakusema gari ni zuri wala ni bovu. Aliuliza swali moja tu: siku yako nzito inakuja mara ngapi kwa mwezi?

Wengi walimjibu kwa kutaja bei ya gari.

Jina lake silisemi, na sidhani pale mtaani lilijulikana. Tulimwita Fundi, basi. Alikuwa mtu wa Buyenzi, Bujumbura, na mimi ni wa Uvira, Kongo, ng'ambo tu ya mpaka, kwa hiyo tangu siku ya kwanza tulikuwa na deni la kutaniana. Alisema watu wa Uvira wanavua mukeke, samaki wa ziwa letu, kwa maneno. Mimi nilimwambia watu wa Bujumbura wanaujua mukeke ukishakuwa kwenye sahani. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo wa kuimba, na hilo halikutusumbua hata siku moja. Kilichotusumbua ni kwamba sote wawili tulikuwa watu wa kiburi.

Na kiburi changu nakitetea. Sikusoma. Nilifika darasa la tatu, nikatoka. Kiswahili nasoma, Biblia nasoma, na haya naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilifika Johannesburg sina mtu, nikanunua viti kumi na viwili vya plastiki, nikawa navibeba kichwani kwenda kwenye matanga ya wenzetu. Vikazaa viti mia mbili, mahema mawili makubwa, nguzo za chuma na jenereta. Leo Mkongo akifa upande wa kusini wa mji huu, kabla hawajamtafuta mchungaji wananitafuta mimi. Wananiita Papa Mahema. Hakuna aliyenishika mkono.

Fundi naye alikuwa na kiburi chake. Alikuwa mkubwa wa mwili, shingo ya ng'ombe, na mwaka mzima alivaa koti zito la kijivu la wachimba migodi, hata jua likiwaka. Nilipomuuliza alisema cheche haziulizi msimu. Alikunywa chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa, na mwezi wa Ramadhani alipiga nyundo bila tone la maji mpaka jua lizame, akikasirika ukimhurumia. Nyuma ya kibanda chake kulikuwa na rundo la springi zilizovunjika. Aliliita makaburi ya wajuaji. Kila chuma alikumbuka ni cha nani: hiki cha muuza friji aliyesema anabeba friji tatu kumbe sita, hiki cha mwenye kwaya, hiki cha muuza saruji wa Rosettenville aliyeapa kwa Mungu. Alikuwa akisema gari halibebi unachotangaza, linabeba kilichomo.

Na yeye mwenyewe? Baki yake, kama tunavyoita pikapu hapa, ilikuwa kidude cha nusu tani, na siku zote nyuma ilikuwa imekaa chini kama kuku anayetaga, imejaa vyuma. Nikimwonyesha, alisema kinyozi hajinyoi, akawasha, akaondoka akikwaruza lami.

Kitu kilichonishangaza zaidi kwake ni kibati. Kila gari la mzigo lina kibati kidogo mlangoni chenye uzito ulioandikwa na waliolitengeneza. Fundi hakukisoma kamwe. Alimwamuru mnunuzi asome kwa sauti. Ukisomewa, alisema, kesho utadai umedanganywa. Namba ikitoka mdomoni mwako, utamlaumu nani? Watu waliona hiyo ni hekima kubwa. Nilikuwa nikiirudia kwa wateja wangu kama yangu.

Sasa niseme ilivyonikuta.

Mwaka 2016 nilichoka kukodi magari ya watu. Chini ya barabara yetu palikuwa na muuza magari ya mitumba, na uani mwake yalisimama magari mawili ya aina ya baki, ya Kimarekani, makubwa, ya zamani, usukani umehamishiwa upande wetu. Yalikuwa na sura moja: pua ile ile, taa zile zile, hata rangi nyeupe ile ile. Ukiyatazama kwa mbele ungesema mapacha. Zunguka nyuma sasa. Moja lilikuwa na tairi nne kama magari yote, na springi nyembamba. La pili lilikuwa na tairi sita, nne za nyuma zimebanana mbili mbili, na springi nene kama Biblia ya madhabahuni. Jepesi na zito. Niliona lile zito na roho ikaenda. Nilijiona ninafika nalo msibani, watu wanageuka.

Nilimwita Fundi aje anisifie. Hakunisifia. Aliuliza swali lake la siku nzito, nikasema kila Jumamosi, na Jumapili mara nyingi. Akataka kuuona mzigo. Nikamweleza mzigo. Akasema hajasema aelezwe.

Akanilazimisha kupakia kila kitu kwenye lori la kukodi na kukipeleka kwenye yadi ya vyuma chakavu, ambako kuna mizani ya malori, ile unayopanda na gari zima. Fundi aliwajua wale watu, wakaturuhusu saa ya chakula. Nilikuwa nimemwambia mzigo wangu ni kilo mia sita, labda mia saba. Ulitoka kilo elfu moja. Nguzo peke yake zilinitia aibu. Nikasema haya, elfu moja, tumemaliza.

"Na watu?" Fundi akauliza.

Nikasema vijana watatu wa kusimamisha hema, na dereva.

"Dereva nani?"

"Mimi."

"Hujajihesabu, Papa Mahema. Umehesabu viti, ukajisahau mwenye viti."

Wale wa vyuma chakavu walicheka. Mimi sikucheka.

Kesho yake alimwomba muuza magari tuyapime yale mawili. Kwanza akanitoza pesa ya mafuta ya kujaza matanki, akisema gari halipimwi na njaa. Jepesi tukalipima. Halafu zito, tupu: kilo elfu tatu mia tatu na arobaini. Kisha akaniambia nipande, na yeye akapanda, tukakaa juu ya mizani kama maharusi. Mizani ile haihesabu kilo moja moja, inaruka ishirini ishirini. Ilipanda mpaka elfu tatu mia tano na ishirini. Sisi wawili tu, kilo mia na themanini. Mimi najijua, ni themanini na tano. Zilizobaki zilikuwa zake, akazigonga tumboni kwa fahari. "Karibu mifuko miwili ya saruji," alisema, "na hainyeshewi."

Asubuhi yake tukarudi uani kwa ajili ya kibati. Nikasimama kwenye mlango wa lile jepesi nikasoma namba kwa sauti kubwa, maana namba nazijua: elfu tatu mia moja na hamsini. Nikafurahi. Mzigo wangu na watu wangu ni elfu moja na mia tatu na kitu, gari linabeba tani tatu! Lile zito ni la nini tena, labda la fahari, na fahari ninayo pesa yake.

Fundi aliniacha niringe kidogo. Kisha akasema ile namba ni ya gari pamoja na vyote vilivyomo. Gari lenyewe limo ndani yake. Toa uzito wa gari na mafuta yake, zile elfu mbili na mia nne ulizoziona jana kwa macho yako, halafu uniambie kimebaki nini. Nikatoa. Zilibaki kilo mia saba na hamsini. Mzigo wangu haukuenea hata nusu na robo. Sikujua, na maneno yaliyozunguka namba yalikuwa ya Kiingereza, na mimi Kiingereza cha kuandikwa hakinijui. Nikajifanya nilikuwa namtania.

"Basi hakuna ubishi," nikasema. "Nachukua zito. Si nilisema tangu mwanzo?"

Akasema vizuri, soma na kibati chake. Nikasoma: elfu tano na kitu. Akatikisa kichwa. Ikizidi elfu tatu na mia tano, leseni yangu ya gari dogo haifiki. Lazima leseni ya lori, ile wanayoiita hapa kodi teni, na kabla ya kuendesha kuna mtihani wa kuandika. Kwa Kiingereza. Maswali mengi, unakaa peke yako, hakuna wa kukunong'oneza.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao naueleza leo bila kuupaka sukari. Nilianza kulisema vibaya lile zito. Linakula mafuta. Haliingii kwenye maegesho ya mtaa wetu. Likiwa tupu linaruka, litaniharibia mgongo. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Fundi alianza kukunja zulia lake.

"Jana ulitaka zito."

"Jana sikuwa nimefikiri."

"Na leo mzigo umepungua?"

Nikamwambia yeye ni fundi wa springi, si mke wangu. Nikanunua jepesi.

Miezi michache mambo yalikwenda. Nilikuwa nabeba kwa safari mbili, mpaka nikachoka safari mbili. Mtu akiwa na gari la sura ile hapendi kuonekana anarudi kuchukua viti. Nikaanza kupakia vyote mara moja. Nyuma lilikaa chini, taa za mbele zikatazama mbinguni, na nikajiambia magari yote hukaa kidogo.

Siku yenyewe ilikuwa mazishi ya mwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, kule Diepsloot, mtu wetu wa Fizi, aliyekuwa akikopesha unga bila kuandika. Hema lilitakiwa kusimama kabla mwili haujafika kutoka mochwari. Tulikuwa tumekaribia, naona mabati, ndipo nikasikia mlio kama wa bunduki chini yangu. Gari likaegemea upande, tairi likaanza kula bodi, moshi. Springi ya kushoto ilikuwa imekatika.

Nilimpigia Fundi. Vijana walibeba viti kichwani, kama nilivyokuwa nikibeba mimi zamani, lakini hema na nguzo zilibaki barabarani. Mwili ulifika kabla ya hema. Mjane alikaa juu ya kreti ya soda katikati ya jua, kanga kichwani, na wazee wamesimama kumzunguka ili angalau vivuli vyao vimfikie. Miaka kumi na minane ya kujenga jina, na mama yule akatazama juu kila gari lilipopita.

Fundi alifika na kidude chake kinakwaruza lami. Binti yangu alikuwa naye. Ndiye aliyemwonyesha njia kwa simu. Binti yangu amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote lakini akijibu anachanganya na Kizulu na Kiingereza. Wakati Fundi yuko chini ya gari, alinivuta pembeni.

"Papa, yule mzee haoni."

Nikamwambia asimtukane mtu mzima.

"Siyo matusi. Nilimpa simu aangalie ramani, akaishika mbali hivi, mpaka mkono ukaisha. Akanirudishia, akasema soma mwenyewe. Eish, Papa. Mbali anaona sharp. Karibu, haoni kitu."

Nilisimama pale nikiyarudisha yote kichwani. Kibati. Soma mwenyewe. Namba itoke mdomoni mwako. Hekima yote ile niliyokuwa naitangaza mtaani!

Sikuweza kujizuia. Fundi alipotoka chini na kile chuma kilichovunjika mkononi, nilimwuliza pale pale kama ni kweli. Nilitaka kumkamata, nasema wazi. Nilikuwa nimeaibika na nilitaka mwenzangu wa aibu. Akafuta mikono kwa koti lake taratibu.

"Mwaka wa sita sasa," akasema. "Herufi zote zimekuwa sisimizi."

"Kwa nini hununui miwani?"

"Fundi wa springi mwenye miwani, nani atampa gari?" Akanipa kile chuma. "Nami nimekujibu. Sasa nijibu. Kile Kiingereza cha mtihani, ndicho kilichokununulia gari hili?"

Binti yangu alikuwa anasikia. Ningeweza kusema hapana.

"Ndicho," nikasema.

Hakutikisa kichwa, hakunihubiria. Alisema tu nichukue chuma changu nyumbani, hakukitaka kwenye makaburi yake. Kisha akafunga springi ya kukopa, tukafika na hema wakati wanamalizia sala. Tulilisimamisha hivyo hivyo. Mjane akakaa chini yake na watu wa kumpa pole. Siku ya saba nilirudi na kulisimamisha bure, na sikungojea kuombwa.

Kuanzia hapo binti yangu alinisomea. Kila jioni baada ya chakula, swali moja moja la kitabu cha leseni, kwa Kiingereza, kisha tunabishana kwa Kiswahili maana yake. Asubuhi nilikwenda kwa Fundi, nikamwimbia niliyoyashika huku anapiga chuma. Hakujua Kiingereza kuliko mimi. Lakini alijua breki, alijua uzito, alijua kwa nini lori halisimami kama gari dogo, na jibu likiwa la kijinga alilitambua hata kwa lugha asiyoijua. Nikikosea, aliacha kupiga. Nikafeli mara ya kwanza. Binti alilia, mimi nikala wali wangu. Nikarudi mwaka uliofuata, mzee mzima nimekaa katikati ya watoto wenye vipokea sauti shingoni, nikashinda. Kuendesha kwenyewe hakukunishinda hata kidogo.

Lile zito lilikuwa bado uani kwa muuza magari. Majani yalikuwa yameota kati ya zile tairi nne za nyuma. Wenye pesa hawakuwa na leseni, wenye leseni walitaka lori kamili. Nikampa lile jepesi na nyongeza. Nilipopakia mara ya kwanza, hema, nguzo, viti, jenereta, vijana, nami nikajihesabu, lilishuka vidole viwili likatulia njiani kama mtu aliyeshiba. Fundi alikuwa amelisema hilo zamani: zito likiwa tupu linarusha, likijaa linakaa na adabu. Lakini hakuwepo kuliona. Alikuwa amefunga kibanda. Walisema anaumwa, yuko kwa mtoto wa dada yake karibu na Newtown.

Nilimfuata mwaka 2019, siku ya Jumatatu, siku isiyo na matanga. Alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, na koti lake lile lile. Alisikia gari likirukaruka kwenye mashimo kabla halijafika, akageuza shingo.

"Ni lile la tairi sita," akasema kabla sijashuka. "Na hujabeba kitu. Umekuja kuringa."

"Nimekuja kuringa," nikasema.

Akataka kushika springi. Akainama kwa shida, akagonga kwa kifundo cha kidole kwa kuwa nyundo alikuwa ameigawa, akasikiliza. Kisha akaniambia nisome kibati. Nilifungua mlango nikakisoma chote, maneno na namba, Kiingereza kwanza, Kiswahili baadaye, sikuruka hata neno. Alicheka mpaka akakohoa. Alipomaliza kukohoa alisema ana hamu ya kitu kimoja. Tupite kwenye mizani.

Nilimsaidia kupanda. Nilipomshika mkono chini ya koti, sikuukuta mkono niliokuwa naujua.

Pale kwenye yadi ya vyuma walimkumbuka, wakatufungulia. Nikapanda na gari polepole, tukakaa wawili kama ile siku.

"Tanki?" akauliza.

"Limejaa. Asubuhi."

"Soma."

Namba zilikuwa kwenye kioo cha taa nyekundu, pembeni ya dirisha lake, karibu mno kwa macho yake. Zilikuwa zikicheza, kisha zikasimama. Mimi nilikuwa nakumbuka ile ya kwanza, elfu tatu mia tano na ishirini, kama ninavyokumbuka jina langu, na nilijua kwamba yeye pia anaikumbuka. Kilo zangu hazikuwa zimebadilika. Ningeweza kuongeza arobaini kwa mdomo tu, nani angejua? Niliifikiria. Naapa niliifikiria.

"Soma vizuri, Papa Mahema," akasema.

"Elfu tatu, mia nne na themanini."

Alitazama mbele, kwenye marundo ya vyuma, kule mbali ambako alikuwa bado anaona vizuri. Midomo yake ilitembea kidogo. Alikuwa anatoa gari, kisha ananitoa mimi. Sikumsaidia, na yeye hakuhitaji. Nyuma yetu lori la vyuma lilipiga honi likitaka kupima.

Akavuta koti lake, akalifunga vifungo mpaka juu.

"Kwa mzigo huu," akasema, "hata lile jepesi lingetosha."